Baba mstaafu ana deni analolificha: nianzeje mazungumzo, na nimsaidie kwa namna gani?

Binti wa Muheza ameuliza:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri katika jambo ambalo siwezi kulizungumza na wenzangu wa kazini, na ambalo hata nyumbani bado sijaona pa kulianzia.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga, na alistaafu mwishoni mwa mwaka 2022 alipotimiza miaka 60. Mipango yake ya kustaafu aliijenga juu ya hesabu ya zamani, ile ambayo mtumishi wa umma alilipwa nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Lakini kikokotoo kipya kilichoanza tarehe 1 Julai 2022 kilishusha mkupuo hadi asilimia 33, na sehemu iliyobaki ikaingizwa kwenye pensheni ya kila mwezi. Nyumba aliyokuwa akiijenga ikasimama kwenye lenta. Baadaye iliezekwa, ikapigwa plasta na kuwekwa madirisha, na sisi watoto tukaamini kwamba fedha zimetoka kwenye michungwa, kwa kuwa msimu ule ilikuwa imezaa vizuri.

Hivi karibuni mama alinipigia simu akiwa nje ya nyumba, akaniambia kwamba kadi ya benki ya baba haipo. Iko kwa mkopeshaji mmoja mjini, pamoja na namba ya siri, na pensheni ikiingia huyo mkopeshaji ndiye anayeitoa, anakata chake, kisha anampa baba kilichobaki. Kwa anavyofahamu mama, mkopo ulikuwa shilingi 3,000,000, na kila mwezi hukatwa 350,000. Karatasi ya mauziano ya shamba, yenye muhuri wa serikali ya kijiji, nayo pia imechukuliwa.

Baba hajatuambia neno. Ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, na watu wakigombania mipaka ya mashamba yeye ndiye huitwa kusuluhisha, hivyo naelewa kwamba kujulikana kuwa amekopa kwa riba kutamuumiza kuliko hata hayo makato yenyewe. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, mtumishi hapa Dodoma. Mshahara wangu unakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, nina watoto wawili, na nyumbani hutuma chochote kila mwezi. Nimefikiria kuchukua mkopo wa mshahara nilifute deni lote kwa siku moja. Mdogo wangu wa Dar es Salaam anasema tumwache mzee na mambo yake mpaka atakapoomba mwenyewe.

Ninachouliza ni mambo mawili. Nitaanzaje kuzungumza na baba bila kumvunjia heshima na bila kumweka mama matatani? Na kama ni kusaidia, nisaidie vipi ili fedha iishie kwenye deni na si kumfungulia mzee mlango wa mkopo mwingine?

Karani Mstahimilivu amejibu:

Dada, pole kwa mzigo huu. Nimefanya kazi katika ofisi ya SACCOS kwa muda mrefu, na wastaafu wa namna ya baba yako nimewapokea wengi. Nikushauri kwanza usichukue huo mkopo wa mshahara. Unataka kulipa deni ambalo hujaona mkataba wake, kwa kiasi ulichokisikia kwenye simu kutoka kwa mtu ambaye naye huenda ameambiwa nusu ya habari.

Hebu tuhesabu kwa takwimu ulizotoa, ili uone kwa nini nasisitiza mkataba. Mkopo wa 3,000,000 unaorejeshwa kwa 350,000 kila mwezi, riba ikiwa asilimia 3.5 kwa mwezi na ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, unakwisha mwezi wa kumi na moja, na mkopaji anakuwa ametoa jumla ya shilingi 3,630,000 hivi. Riba ikiwa asilimia 10 kwa mwezi juu ya salio, marejesho yale yale yanafika mwezi wa ishirini na moja, na jumla inavuka milioni 7. Lakini wapo wanaohesabu asilimia 10 hiyo juu ya mkopo wote wa mwanzo, mwezi hadi mwezi, bila kujali kilichokwisha kulipwa. Hapo riba ni 300,000 kila mwezi, kinachopunguza deni ni 50,000 tu, na baba yako atalipa kwa miaka mitano mpaka atoe milioni 21. Makato ni yale yale 350,000, na kwa anayetazama kutoka nje hakuna tofauti yoyote; tofauti iko katika mstari mmoja wa mkataba ambao mara nyingi mkopaji hakusomewa.

Hiyo asilimia 3.5 sikuiokota njiani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na wakopeshaji wasiopokea amana, wawe kampuni au watu binafsi, hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo jambo la kujua mapema ni kama huyo wa mjini ana leseni. Mwenye leseni ana cha kupoteza, na ukimwendea na hesabu iliyoandikwa vizuri, mara nyingi hukubali kukaa mezani. Asiye na leseni huwa mkali zaidi wa maneno, lakini ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kutotaka suala lake lifike mbele ya ofisi yoyote.

Jambo jingine ambalo huenda hujalifikiria: kikokotoo kipya kilipopunguza mkupuo na kuongeza pensheni ya mwezi, kilimfanya mstaafu awe mteja mzuri sana machoni pa hawa wakopeshaji, kwa sababu fedha ya uhakika sasa inaingia kila mwezi kwenye akaunti ambayo kadi yake inaweza kuwekwa kwenye droo ya mtu. Mwenye kausha damu wa sokoni, yaani mkopeshaji wa mikopo midogo ya riba kubwa, humkimbiza mama muuza samaki kila jioni ili apate marejesho yake. Kwa mstaafu hahitaji hata kutoka ofisini.

Kuhusu karatasi ya shamba, muulizeni mzee kwa upole kama alisaini mkataba wa mkopo pekee au alisaini pia hati ya mauziano. Kuna mtindo wa kumwandikisha mkopaji kwamba ameuza shamba kwa kiasi cha deni, kisha hati inafungiwa kabatini ikisubiri siku atakayoshindwa. Ikiwa ndivyo ilivyo, suala la shamba linatangulia suala la fedha.

Na mazungumzo yenyewe, ningependekeza yapitie kwa shangazi yako, dada mkubwa wa baba, kama yupo. Mzee hawezi kumkatalia dada yake anavyoweza kumkatalia mtoto.

Mstaafu wa Lushoto amejibu:

Mwanangu, nami nilishika chaki mpaka nikastaafu, na nilistaafu chini ya hiyo asilimia 33, kabla bajeti ya mwaka 2024/25 haijatangaza kuipandisha hadi 40 kwa sisi tuliokuwa tukitarajia nusu. Kwa hiyo naweza kukueleza baba yako anawaza nini, au angalau kitu kinachokaribia hapo.

Anayeshika chaki miaka thelathini na zaidi huishi mbele ya macho ya kijiji kizima akiwa mtu wa hesabu. Wazazi humletea barua awasomee, kikundi cha kuweka na kukopeshana humkabidhi daftari. Mtu huyo akikosea hesabu yake mwenyewe, hofu yake kubwa si mkopeshaji, bali ni kusikia watu wakisema kwamba mwalimu naye ameingizwa mjini. Ndiyo maana simwungi mkono ndugu Karani katika hilo la shangazi, ingawa hesabu zake nimezirudia kwa kalamu na ziko sawa. Kila mtu mmoja anayeongezwa katika siri hii humwondolea baba yako kitu ambacho hamtaweza kumrudishia kwa fedha. Shangazi aje baadaye, mzee akikataa kabisa kuzungumza. Kwanza nenda mwenyewe.

Usizungumze naye kwa simu. Funga safari, lala nyumbani usiku mmoja bila kugusia jambo lolote, na asubuhi mwambie unataka mtembee shambani akakuonyeshe michungwa. Wanaume wa umri wetu huzungumza vizuri zaidi wakiwa wanatembea kuliko wakiwa wamekaa wanatazamana na mtu, na shamba lenyewe litakupa mahali pa kuanzia, kwa kuwa ni haki ya mtoto wa kwanza kutaka kujua mipaka iko wapi na karatasi zinatunzwa na nani. Ukimuuliza hilo, unamfungulia njia ya kusema mwenyewe. Akinyamaza, mwambie wazi lakini bila kupandisha sauti: «Baba, nimefahamu kwamba kadi haiko nyumbani. Sikuja kuuliza iliondokaje, nimekuja ili tupange itarudije.» Kisha nyamaza. Usiongeze neno hata kama mtatembea hatua hamsini bila yeye kujibu, maana ukilijaza lile pengo kwa maneno yako utampa nafasi ya kujibu maneno na kuliacha deni.

Kuhusu mama yako, usitunge uongo wa kumficha, kwa sababu baba atajua tu habari imetoka wapi. Nyumbani hapo wako wawili. Ni heri mama mwenyewe amwambie kabla hujafika kwamba alishindwa kulibeba na amemshirikisha mtoto. Atakasirika siku hiyo, lakini utakapofika hasira itakuwa imeshapoa na hutakuwa sababu ya ugomvi wao.

Naomba nitaje na jambo la dini, kwa kuwa umeligusa. Asije mtu akamhubiria kuhusu riba. Anaijua hukumu yake kuliko sisi, na ndiyo sababu amenyamaza. Kama ukitaka kutumia mlango huo, mkumbushe lile analolijua pia: kwamba deni la marehemu hulipwa kwanza kabla ya mirathi kugawanywa, na kwamba mngependa mlimalize yeye akiwa hai na akiwa ndiye msimamizi wa jambo lenyewe. Mzee akiona bado yeye ndiye anayeamua, atakupa hizo karatasi.

Kitinda Mimba amejibu:

Nitaandika kifupi, na najua sitapendwa. Ndugu wa Dar es Salaam hajakosea sana. Dada ana watoto wawili na makato ya Bodi ya Mikopo, na katika maelezo yote hapo juu hakuna aliyemuuliza anabakiwa na kiasi gani mwisho wa mwezi. Mtu akililipa deni la mzazi kwa ada za shule za watoto wake, ameliacha palepale, ila limehamia kwa kizazi kinachofuata. Wekeni kiwango ambacho kila mtoto anaweza kukitoa hadi deni liishe bila kukopa popote, mkiandike, na hicho ndicho mumwambie mzee. Kama ni 60,000 kwa kila mmoja, basi ni 60,000.

Pia msimtumie fedha mkononi. Simtuhumu mzee wa watu. Ni kwamba fedha ikiingia nyumbani kijijini hukutana na msiba, mgonjwa, na jirani aliyekwama, na mwalimu mstaafu hana namna ya kuwaambia hapana.

Ile mnayotuma kila mwezi kwa matumizi iendelee kama ilivyo. Mkiipunguza ili mlipe deni, mama ndiye atakayekwenda kukopa chumvi dukani.

Binti wa Muheza amejibu:

Shikamoo mzee wangu wa Lushoto, na nawashukuru nyote, pamoja na Kitinda Mimba, ambaye maneno yake nilimsomea mdogo wangu na yakamlainisha kuliko yangu yote. Tumekubaliana kwamba yeye atatoa 80,000 na mimi 100,000 kila mwezi, na kwamba mkopo wa mshahara hauchukuliwi. Mama amekubali kuzungumza na baba kabla sijasafiri.

Limejitokeza jambo jipya. Mama ameniambia kwamba siku baba alipochukua mkopo, vijana wawili walikuja nyumbani na karatasi, naye akaambiwa aweke dole gumba na jina lake. Alidhani anathibitisha kwamba yeye ni mke wa mkopaji. Hakusomewa chochote na hakupewa nakala. Shamba la michungwa liko kando ya barabara, mbali kidogo na nyumba wanayoishi. Je, hiyo sahihi inaweza kuwafanya wapoteze vyote viwili? Na je, baba anaweza kwenda tu benki akaomba kadi nyingine?

Msaidizi wa Kisheria, Tanga amejibu:

Dada, nyumba na shamba havilindwi kwa namna moja, kwa hiyo ni muhimu kujua karatasi aliyoiwekea mama dole gumba inataja nini hasa. Kwa nyumba wanayoishi, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke mwenye nyumba ya familia kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa ya mtu ambaye hakuelezwa anachokubali inaweza kupingwa. Kwa shamba lililo mbali na nyumba, kifungu hicho hakimsaidii sana mama. Hata hivyo, kama hiyo ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wake upate idhini ya halmashauri ya kijiji, na hati ya mauziano iliyoandikwa ofisini kwa mkopeshaji bila kupita huko ina kasoro kubwa. Baba amuulize mtendaji wa kijiji kama kuna kikao chochote kilichopokea jambo la shamba lake. Linaweza kuulizwa kama swali la mipaka, bila kutaja mkopo.

Kwa mkopeshaji, baba aandike barua, wewe ukimsaidia, akiomba nakala ya mkataba na mchanganuo wa deni unaoonyesha alichokopeshwa, alicholipa kila mwezi na salio. Taarifa ya akaunti yake ya pensheni kutoka benki itaonyesha kila shilingi iliyotolewa, na hiyo ndiyo mtakayoiweka kando ya mchanganuo wao. Ni kawaida kukuta vitu viwili hivyo havikubaliani. Mkopeshaji mwenye leseni akikataa kutoa nakala, au ikionekana ametoza riba inayovuka ukomo uliotajwa na ndugu Karani, malalamiko yapelekwe kwake kwanza kwa maandishi, na asipojibu yafike Benki Kuu. Huduma ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo ipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya iwaelekeze kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu.

Kuhusu kadi, akaunti ni ya baba na anaweza kufika tawini na kitambulisho chake akaomba kadi mpya na namba mpya ya siri. Hakuna benki inayoruhusu mteja ampe mtu mwingine namba yake. Nisingemshauri afanye hivyo wiki hii, kabla ya barua na kabla ya kujua kilichoandikwa kuhusu shamba, kwa sababu siku mkopeshaji atakapokuta pensheni haitoki ndiyo siku atakayotuma dalali. Kamilisheni kwanza makubaliano mapya ya marejesho, yasainiwe na pande zote mbele ya shahidi wenu, na mama asisaini chochote ambacho hajasomewa chote kwa sauti. Malipo yapite benki na stakabadhi zitunzwe na baba mwenyewe. Deni likiisha, mdai barua ya kuthibitisha hivyo pamoja na karatasi ya shamba halisi, si kivuli chake, na siku hiyohiyo baba apitie benki kubadilisha kadi, hata kama ile ya zamani amerudishiwa mkononi.

Ukishapata nakala ya mkataba, futa majina na namba zote, kisha andika hapa vifungu vya riba na dhamana jinsi vilivyo, nitavisoma.